Vihisi vinavyokufa usingizini

Redio ya CC2420, ile iliyobebwa na TelosB, nodi (kifaa kidogo chenye kihisi, redio na betri) ambayo watafiti wengi wa mitandao ya vihisi walianzia nayo, hula miliampia 17.4 inapotuma kwa nguvu yake yote. Inaposikiliza tu, na hakuna anayesema, hula 18.8. Kusikiliza kimya kunagharimu kuliko kusema. Iache redio hiyo wazi kwenye betri ya miliampia-saa 2,500 na hesabu inatoa saa 133, yaani siku tano na nusu, hata kama nodi haikutuma pakiti moja. Ifungue kwa asilimia 1 tu ya muda, na betri ileile inavuka siku 550.

Redio za leo zinakula pungufu, lakini uwiano haujabadilika sana. Kupokea na kutuma kwa nguvu ndogo bado viko karibukaribu, na vyote viwili viko juu ya usingizi mara maelfu. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayesanifu mtandao wa vihisi aanze na hesabu ya muda kabla hajagusa itifaki (kanuni za mawasiliano) yoyote: redio iko wazi sekunde ngapi kwa siku, na nodi inakunywa nini saa nyingine zote? Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoamua kama mtandao utaweza kukua, kwa sababu sekunde ambayo nodi moja inakalia hewa ni sekunde ambayo majirani zake hawana.

Utafiti wa fani hii ulishika njia nyingine kwa muda mrefu. Mwaka 2000 Heinzelman, Chandrakasan na Balakrishnan walitoa LEACH, mpango wa kugawa nodi katika makundi na kupokezana uongozi wa kundi. Lilikuwa wazo zuri, na LEACH yenyewe huzima redio za wanachama nje ya zamu zao. Lakini mfano wa gharama uliokuja nao, nanojouli 50 kwa kila biti kwenye saketi na pikojouli 100 kwa kila biti kwa kila mita ya mraba kwenye kikuza mawimbi, unatoza biti zilizotumwa na zilizopokelewa tu. Kusubiri hakuna bei. Kazi nyingi zilizofuata zilirithi mfano huo, zikashindana kupunguza gharama ambayo kwenye nodi halisi mara nyingi ni sehemu ndogo ya matumizi yote. Ukikuta mchoro unaodai nodi zinadumu zaidi kwa sababu ya njia mpya ya kuchagua kiongozi wa kundi, angalia kwanza kama muda wa kusubiri umetozwa. Kama haukutozwa, usinunue kifaa hata kimoja kwa sababu ya mchoro huo.

Mikroampia tano au hamsini

Mwaka una saa 8,760. Nodi inayolala kwa mikroampia 5 itakula miliampia-saa 44 kwa mwaka, na inayolala kwa mikroampia 50 itakula 438. Tofauti hiyo haionekani mezani, wala haionekani wiki ya kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachojaa ni cha hasara.

Mvujo huu mara chache hutoka kwenye mikrokontrola, ile kompyuta ndogo ya nodi, kwani karatasi ya mtengenezaji ikiahidi mikroampia 2, nyingi huzifikia. Tatizo ni vitu vinavyoizunguka. Regyuleta (kituliza volti) ya AMS1117, iliyojaa kwenye bodi za majaribio, hunywa kama miliampia 5 kwa ajili yake yenyewe, iwe kuna mzigo au hakuna. Betri ya miliampia-saa 2,500 inaishia mikononi mwake ndani ya siku 21. Weka mahali pake MCP1700, yenye mikroampia 1.6, na tatizo hilo linakwisha. Taa ndogo ya kuonyesha kwamba umeme upo hula miliampia 1 au 2 usiku na mchana, bila kuangaliwa na mtu. Ibandue. Chipu ya kuunganisha USB nayo isiwe kwenye njia ya betri kabisa.

Halafu kuna kile kigawanya volti cha kupimia betri. Rezista mbili za kilo-ohmu 100 zilizounganishwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 4 hupitisha mikroampia 20 bila kukoma, miliampia-saa 175 kwa mwaka, ili upate kipimo kimoja kwa siku. Tumia mega-ohmu 1 mara mbili, kisha weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenye sehemu ya kati. Bila kapasita hiyo, kipimio cha ndani cha mikrokontrola hakitajaza kapasita yake ndogo kwa wakati kupitia rezista kubwa hivyo, na utasoma volti za uongo. Ukitaka ukali zaidi, weka transista inayofunga njia hiyo hadi wakati wa kupima.

Pini zilizoachwa zikielea ni mwizi mwingine. Pini ya kuingiza isiyovutwa juu wala chini hukaa katikati ya volti mbili, saketi ya ndani inabaki nusu wazi, na matumizi yanapanda na kushuka kwa unyevu au kwa kugusa bodi tu. Ukiona namba za usingizi zinabadilika unapokaribisha kidole, umempata. Chipu ya kumbukumbu ya nje nayo hailali yenyewe: inahitaji kutumiwa amri ya kuzama, kwa nyingi ni 0xB9, la sivyo itakaa ikisubiri kazi kwa mikroampia kumi au zaidi badala ya 1.

Kosa linalowapata hata wazoefu ni la kihisi kilichokatiwa umeme ambacho hakijazimika. Umeweka transista ya kukata umeme wa kihisi, vizuri, lakini rezista za kuvuta juu za basi ya I2C (nyaya za data kati ya mikrokontrola na kihisi) umeziacha kwenye volti za kudumu. Umeme sasa unapita kwenye rezista hizo, unaingia kihisi kwa pini za data, unapenya diodi za ulinzi na kukilisha kihisi kwa mlango wa nyuma. Hakijawaka, hakijazimika, na siku ukikirudishia umeme kinagoma kuanza kwa sababu hakikuwahi kufika sifuri. Rezista za kuvuta juu ziwekwe upande uleule unaokatwa, na kabla ya kukata, pini za data zishushwe chini au ziachwe zisisukume kitu.

Kupima haya kuna mtego wake. Multimita ya kawaida kwenye kipimo cha mikroampia huweka ohmu 100 hivi kwenye njia ya umeme. Nodi ikiamka na kuvuta miliampia 40, volti 4 zinatakiwa kupotea ndani ya multimita peke yake, hivyo bodi inajizima, inawaka upya, inajizima tena, nawe unapima kitu kisichokuwepo. Kwa asiye na kifaa maalumu cha kuchora matumizi ya umeme kuna njia rahisi. Chaji kapasita ya mikrofaradi 1,000 hadi volti 3.3, iache iendeshe nodi iliyolala, na uangalie inavyoshuka. Ikishuka volti 0.1 kwa sekunde 20, matumizi ni mikroampia 5. Kwanza pima kapasita ikiwa peke yake, baada ya kuiacha kwenye chaji saa kadhaa, maana nayo huvuja. Na usiache kipima volti kimeunganishwa muda wote: cha mega-ohmu 10 hula mikroampia 0.33 kwa volti 3.3. Gusa, soma, ondoa.

Namba ya betri iliyoandikwa kwenye ganda

Miliampia-saa 2,500 kwenye ganda ni ahadi yenye masharti. Alkalini huanza volti 1.5 na kushuka polepole hadi 0.9. Ukiwa na mbili kwa mfuatano, na kuna kihisi kimoja kinachodai volti 2.7, nodi yako itakufa kila betri ikiwa 1.35, sehemu kubwa ya nishati ikiwa bado ndani. Kuchagua vipande vyote vinavyofanya kazi hadi volti 1.8 kunakupa miezi mingi ambayo hakuna itifaki itakayokupa.

Lithiamu ya thionili kloridi, ya volti 3.6, ndiyo inayopendwa kwa nodi za miaka mingi, kwa sababu hupoteza kama asilimia 1 tu kwa mwaka ikiwa imekaa. Ubaya wake ni kwamba ikikaa muda mrefu bila kazi hujenga utando wa kloridi ya lithiamu juu ya chuma chake. Utando huo ndio unaoitunza, na ndio pia unaobana mkondo wa ghafla. Nodi iliyokaa stoo mwaka mzima inapoamka na kutuma kwa mara ya kwanza, volti inadidimia, mikrokontrola inajianzisha upya, inajaribu tena kujiunga na mtandao, inadidimia tena. Mtu anasema betri ni mbovu, kumbe imelala fofofo.

Dawa ni kapasita sambamba na betri, na ukubwa wake unahesabika. Ujumbe unaochukua milisekunde 62 kwa miliampia 40 unahitaji milikulombu (yaani miliampia-sekunde) 2.5. Ukiruhusu volti ishuke kwa 0.3, unahitaji milifaradi 8 kama betri haitachangia chochote. Ujumbe wa sekunde 1.5 kwa mkondo uleule unahitaji milikulombu 60, yaani faradi 0.2, na hapo lazima uingie kwenye kapasita kuu (superkapasita), ambayo nayo huvuja mikroampia kadhaa. Angalia jinsi uamuzi wa redio ulivyorudi kuathiri usingizi. Betri bapa ya CR2032 haifai kabisa kwa kazi hii: ukinzani wake wa ndani ukipanda kufikia ohmu 30, miliampia 40 zinaangusha volti 1.2.

Kihisi chenyewe kisisahaulike. Kipokea mahali cha setilaiti (GPS) kinachochukua sekunde 30 kwa miliampia 25 kujua kilipo kinakula miliampia-sekunde 750, sawa na jumbe 300 za milisekunde 62 zile. Vihisi vya gesi vya jamii ya MQ vina hita inayotaka kama miliampia 150 kwa volti 5 muda wote. Kwa betri ya miliampia-saa 2,500 hizo ni saa 17 au chini ya hapo. Hakuna ujanja wa mtandao utakaookoa nodi ya namna hiyo, inahitaji umeme wa ukutani au kihisi cha aina nyingine.

Hewa nayo huisha

Sasa ukuaji. Nitatumia LoRaWAN, mtandao wa redio za masafa marefu ambamo nodi hutuma moja kwa moja kwa kituo kinachoitwa lango, kwa sababu hesabu yake iko wazi, ila hoja inahusu redio yoyote. Kiwango cha utandazaji huenda SF7 hadi SF12: kadiri namba inavyopanda, ujumbe unanyooshwa zaidi na kufika mbali zaidi. Ujumbe wenye baiti 10 za data, pamoja na baiti 13 za itifaki, kwa upana wa kilohezi 125, hukaa hewani milisekunde 62 kwa SF7. Kwa SF12 hukaa milisekunde 1,483. Ni mara 24.

Tuma kila dakika 15 kwa miliampia 40. Kwa SF7 kutuma kunakula miliampia-saa 24 kwa mwaka, chini ya usingizi wa mikroampia 5 tuliouona. Kwa SF12 kunakula 577. Nodi mbili za aina moja, programu moja, betri moja. Moja imefungwa mahali pazuri, nyingine nyuma ya ukuta wa zege, na ya pili itakufa miaka mingi kabla ya mwenzake. Ndiyo maana wastani wa maisha ya betri haunivutii. Kinachotakiwa kwenye hesabu ni nodi iliyo mahali pabaya kuliko zote.

Na hewa? Nodi zikituma bila kuangaliana, uwezekano wa ujumbe kupita bila kugongana ni e kwa kipeo cha hasi 2G, G ikiwa sehemu ya muda ambayo chaneli imeombwa. Nodi 1,000 kwenye chaneli tatu, kila moja ikituma kila dakika 15 kwa SF7, zinatoa G ya 0.023 kwa chaneli, na asilimia 95 ya jumbe zinapita. Nodi zilezile zote zikiwa SF12, G inakuwa 0.55 na zinazopita ni asilimia 33. Uhalisia una nafuu kidogo, kwa sababu ujumbe wenye nguvu mara nyingi hushinda ule dhaifu uliogongana nao, na viwango tofauti vya SF haviumizani sana. Lakini mwelekeo hauna ubishi. Mtandao wa majaribio wa nodi 20 kwa SF12 unafanya kazi vizuri kabisa, na hapo ndipo watu wanaposaini oda ya 1,000.

Kinachofuata ni kosa baya zaidi. Jumbe zinapotea, basi msanifu anawasha kuthibitisha kila ujumbe, nodi isipojibiwa irudie. Marudio yanaongeza G, migongano inazidi, marudio yanazidi. Tena, lango linapotuma jibu huwa haliwezi kusikia, kwa hiyo kila jibu linaziba sikio la mtandao mzima kwa muda. Katika Ulaya sehemu kubwa ya bendi ya megahezi 868 ina kikomo cha asilimia 1 ya muda kwa kila kifaa, na lango nalo ni kifaa: haliwezi kuwajibu wote hata likitaka. Uthibitisho uwekewe kengele ya hatari na amri, usiwekewe joto la saa nne na robo.

Njia bora dhidi ya upotevu ni kupanga data vizuri. Kipimo kimoja cha baiti 2 kila dakika 15 kwa SF7 kinachukua milisekunde 46 kila mara, jumla 185 kwa saa. Vipimo vinne vikikusanywa na kutumwa mara moja kwa saa, baiti 8, vinachukua milisekunde 57. Chini ya theluthi moja, kwa sababu dibaji na vichwa vya itifaki umelipa mara moja tu. Ukihofia kwamba ujumbe mmoja ukipotea utapoteza saa nzima, ongeza ndani yake vipimo vinne vya saa iliyopita: baiti 16, milisekunde 67. Milisekunde 10 za ziada zinakununulia kinga ambayo uthibitisho ungeitoza mara nyingi zaidi. Na tuma namba, acha maandishi: joto la 24.56 ni namba nzima 2456 kwenye baiti 2, wakati jozi ya joto na unyevu ikiandikwa kwa mtindo wa JSON, yaani kama maandishi yenye majina na thamani, inafika baiti 25 kwa urahisi.

Kufupisha data ndani ya nodi ni nafuu pia. Nishati ya ujumbe mmoja wa milisekunde 62 ingeiendesha mikrokontrola ya miliampia 4 kwa sekunde 0.6, mamilioni ya hatua za hesabu. Tumia hizo kuamua kama kuna jambo la kusema. Kanuni ya kutuma pale tu thamani ilipobadilika zaidi ya kiasi fulani ni nzuri, ila lazima iambatane na ujumbe wa uhai, tuseme kila saa sita. Bila huo huwezi kutofautisha hali iliyotulia na nodi iliyokufa. Na ujue kwamba tukio moja, mvua kubwa au umeme kukatika, hubadilisha thamani za nodi zote kwa pamoja. Kanuni hiyo hukusaidia siku tulivu na kukusongamanisha siku unayoihitaji.

Kuna gharama moja ambayo wengi hawaioni. Baada ya kila ujumbe, nodi ya LoRaWAN hufungua madirisha mawili ya kusikiliza, sekunde 1 na sekunde 2 baadaye. Kwa mipangilio ya kawaida ya Ulaya, dirisha la pili liko SF12 hata kama nodi ilituma kwa SF7. Alama moja (kipande kimoja cha ujumbe hewani) ya SF12 ni milisekunde 33; dirisha la alama sita ni karibu milisekunde 200, na kwa redio inayopokea kwa miliampia 11 hizo ni miliampia-sekunde 2.2, wakati kutuma kwenyewe kulikuwa 2.5. Umekaribia kulipa mara mbili kwa kusikiliza ukimya. Dirisha hilo lipangwe upya kwa SF ya chini pale mtandao unaporuhusu, na mikrokontrola ilale kweli katika ile sekunde ya kusubiri, isizunguke kwenye kitanzi ikihesabu.

Kupokezana

Mitandao ya kupokezana, ambamo nodi hubeba jumbe za wenzake kuelekea langoni, ina mvuto mkubwa kwenye ubao wa kuchorea. Msimamo wangu ni kwamba iwe njia ya mwisho. Nodi 200, nane tu zikiwa jirani na lango: jumbe za zile 192 zote lazima zipite kwa hizo nane, 24 kwa kila moja, kuongeza wa kwake. Nane hizo zitakufa kwanza, na zikifa mtandao wote unakatika, huku nodi za pembeni zikiwa na betri karibu nzima. Ukiongeza nodi pembeni, unaharakisha kifo cha katikati. Watafiti Gupta na Kumar walionyesha mwaka 2000 kwamba hata bila kufikiria betri, kiasi cha data ambacho kila nodi inaweza kupitisha katika mtandao wa aina hii hupungua kadiri nodi zinavyoongezeka.

Kuna pia bei ya mruko mmoja, yaani hatua moja kutoka nodi hadi nodi. Kwenye mpango usio na ratiba, mpokeaji huamka mara moja kwa sekunde kuchungulia hewa, na mtumaji hurudiarudia kuita hadi mpokeaji aamke. Kwa wastani ni nusu sekunde ya redio wazi: kwa CC2420, kama miliampia-sekunde 9 kwa mruko mmoja. Ujumbe wa masafa marefu wa SF7 ulikuwa 2.5 na umefika langoni moja kwa moja. ContikiMAC, mpango wa kuamsha redio wa mwaka 2011, ilipunguza hasara hii sana kwa kujifunza jirani huamka saa ngapi na kumwita karibu na wakati huo, lakini anayejifunza saa ya mwenzake anahitaji saa nzuri.

Na saa ndiyo roho ya mipango yenye ratiba, kama TSCH iliyoingia kwenye kiwango cha redio cha IEEE 802.15.4e mwaka 2012. Inafanya kazi vizuri sana: kila nodi inajua nafasi yake ya milisekunde 10, chaneli zinabadilishwa ili kukwepa kelele, na redio zinalala muda uliobaki. Nafasi hiyo ina ukingo wa kama milisekunde 1 kila upande. Kristali mbili zenye kosa la sehemu 20 kwa milioni, moja ikiwahi na nyingine ikichelewa, zinaachana milisekunde 1 kila sekunde 25. Kwa hiyo nodi ambazo hazina la kusema lazima bado zisalimiane mara kwa mara ili zisipotezane. Tena, kristali ya kilohezi 32.768 huchelewa kwa sehemu 0.034 kwa milioni kwa kila digrii ya mraba mbali na nyuzi 25. Nodi moja juani kwenye nyuzi 55 na mwenzake kivulini kwenye 25: sehemu 30 kwa milioni zaidi, kila siku saa za mchana, na usiku hali inarudi kuwa nzuri. Mtandao unaopoteza nodi mchana na kuzipata usiku unamlilia mtu aweke marekebisho ya joto kwenye saa.

Ikibidi kupokezana, basi nodi za katikati zipewe umeme wa kudumu au paneli ya jua, na lango la pili liongezwe kabla ya mruko wa tatu. Njia zichaguliwe kwa idadi ya majaribio yanayohitajika hadi ujumbe ufike, wala si kwa nguvu ya mawimbi peke yake, kwani kiungo kinachosikika vizuri upande mmoja kinaweza kuwa kiziwi upande wa pili. Na antena ipandishwe. Kwa megahezi 868 na umbali wa kilomita 1, wimbi linahitaji nafasi ya nusu kipenyo cha mita 9 katikati ya njia. Antena zilizo mita 1 kutoka ardhini zinatupa sehemu kubwa ya nguvu yake kwenye udongo. Mlingoti wa lango ulioongezwa mita tano unaweza kushusha nodi nyingi kutoka SF12 kwenda SF9 au SF8, na hiyo ni miaka ya betri kwa kila nodi, bila kugusa nodi yenyewe.

Yanayoharibika namba ikikua

Nodi 1,000 zikiamka kila saa kamili, zitagongana kila saa kamili. Kila nodi iongeze kuchelewa kwa nasibu, na nasibu hiyo ipandwe kwa namba ya utambulisho ya chipu. Nasibu inayoanza na mbegu moja kwenye nodi zote ni gwaride. Jambo hilohilo kwa kujiunga: lango likizimika na kurudi, nodi zote hujaribu kujiunga dakika ileile. Zisubiri kwa muda unaorefuka kila zinaposhindwa, hadi kikomo cha saa kadhaa.

Kaunta ya jumbe, ambayo usalama wa mtandao unaitegemea, lazima ivumilie kuzimika kwa umeme. Ukiiandika kwenye kumbukumbu ya kudumu kila ujumbe, mahali palepale, jumbe 96 kwa siku zinamaliza uhai wa maandishi 10,000 kwa siku 104. Andika kila baada ya jumbe 100, na nodi ikiwaka upya iruke 100 mbele. Usimbaji wa AES-128 wenyewe hauna uzito kwenye hesabu ya nishati, usiuache kwa kisingizio hicho.

Kusasisha programu kwa njia ya hewa ni mlima. Kilobaiti 100 zikikatwa vipande vya baiti 51 za SF12 ni vipande 2,000 hivi, kila kimoja zaidi ya sekunde 2, na kwa kikomo cha asilimia 1 ni kazi ya siku kadhaa. Tuma tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya, kwa nodi zote kwa mkupuo, na nodi iwe na nafasi mbili za programu ili iweze kurudi kwenye ya zamani toleo jipya likishindwa kufika langoni.

Kabla ya oda kubwa, funga nodi kumi kwenye sehemu kumi mbaya kuliko zote ulizoweza kupata, na kila ujumbe ubebe baiti nne za hali: volti ya betri iliyopimwa wakati redio inatuma (wala si ikiwa imelala, maana betri iliyochoka husoma vizuri ikipumzika), sababu ya mara ya mwisho kuwaka upya, sekunde ambazo redio imekuwa wazi tangu jana, na idadi ya jumbe zilizorudiwa. Sekunde za redio zikizidi ulizoandika kwenye hesabu, kosa liko kwenye programu. Zikilingana na volti bado inashuka haraka, rudi kwenye bodi na ile kapasita ya mikrofaradi 1,000.